Kisa cha Le Court: nani ashike mpini katika nyumba ya hisani?

Le Court ilikuwa nyumba ya hisani katika kaunti ya Hampshire, kusini mwa Uingereza. Ilimpokea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1948, ikafungwa mwaka 2007. Katika miaka hiyo karibu 60 yalitokea humo mambo mawili ambayo mtu akiyasikia juujuu atadhani yanapingana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya wakazi wake, watu wenye ulemavu mkubwa wasioweza kutoka kitandani bila kusaidiwa, waliibana halmashauri mpaka ikakubali wahame na kwenda kuishi katika nyumba zao wenyewe. Miaka 20 hivi baadaye, wakazi wengine wa nyumba ileile walikwenda mahakamani kupinga isifungwe.

Historia za mashirika ya hisani kwa kawaida huandikwa kwa kumtazama mwanzilishi: alikotoka, alivyoguswa moyo, nyumba ngapi alizifungua. Le Court nayo imeandikwa hivyo mara nyingi, kwa kuwa mwanzilishi wake alikuwa shujaa wa vita. Mimi nataka kuitazama kupitia kwa mkazi. Hoja yangu ni kwamba waliotaka kutoka na waliotaka kubaki walidai kitu kimoja: neno la mwisho kuhusu maisha yao liwe lao. Shirika lililowahudumia lilikuwa na wema mwingi, na sina nia ya kuupunguza. Ila kwa muda mrefu lilishika mpini peke yake, na anayeshika makali ndiye anayejua ubaya wa hali hiyo.

Rubani na mtunza nguruwe

Leonard Cheshire alizaliwa mwaka 1917. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani wa ndege za mabomu. Alikwenda vitani zaidi ya mara 100, na mwaka 1944 alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa Uingereza. Tarehe 9 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa Nagasaki, yeye alikuwa angani katika ndege ya waangalizi kwa niaba ya serikali yake. Mwaka uliofuata aliacha jeshi.

Wazo lake la kwanza halikuhusu ulemavu hata kidogo. Alitaka kuanzisha jumuiya ya wanajeshi waliotoka vitani na familia zao, waishi pamoja, walime na wajitegemee. Jumuiya hiyo ilihamia Le Court, jumba kubwa la kizamani alilolinunua kutoka kwa shangazi yake. Mambo hayakwenda. Kufikia mwishoni mwa 1947 watu walikuwa wametawanyika, na Cheshire akabaki na jumba tupu na madeni.

Mei 1948 hospitali ya jirani ilimpelekea habari za Arthur Dykes, mtu aliyewahi kutunza nguruwe pale Le Court enzi za jumuiya. Dykes alikuwa na saratani isiyotibika tena, hospitali ilikihitaji kitanda chake, na hakuwa na mahali pa kwenda. Cheshire alitafuta mahali pa kumweka, akakosa. Mwishowe alimchukua mwenyewe. Hakuwa na muuguzi wala mafunzo wala fedha. Alimlisha, alimwogesha, alimwaga choo chake na kubadili mashuka yake usiku. Dykes alifariki Agosti mwaka huohuo. Kufikia hapo habari zilikuwa zimeenea kwamba Le Court kuna mtu anayepokea wale ambao hakuna anayewataka: akaja bibi kizee aliyevuka miaka 90, wakaja wengine, na kufikia kiangazi cha 1949 nyumba ilikuwa na wakazi zaidi ya 20.

Tazama tarehe hizo vizuri. Mfumo wa taifa wa afya wa Uingereza, ule wa matibabu bila malipo, ulianza kazi tarehe 5 Julai 1948, Dykes akiwa bado hai kitandani Le Court. Kwa nini basi nyumba ya hisani ijae wakati ambapo serikali ndiyo kwanza inawafungulia watu wote milango ya hospitali? Kwa sababu hospitali ilikuwa mahali pa kutibiwa na kuondoka. Kijana ambaye misuli yake inadhoofika mwaka hadi mwaka, au aliyepooza kwa polio, hakuwa na dawa ya kumponya, wala hakuwa na nyumba yenye mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu au mtu wa kumwinua asubuhi. Wengi walilazwa katika wodi za wazee, wakawa wanaamka kila siku kati ya watu waliokuwa wakingoja kufa. Kwa mtu kama huyo, kupata nafasi Le Court kulikuwa ukombozi. Lazima jambo hili lisemwe waziwazi, maana wakosoaji wa baadaye wa nyumba hiyo ndio hasa walioitamani kwanza.

Sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 1948, iliyohusu misaada ya taifa, iliupa mfumo mzima umbo lake. Iliziagiza halmashauri kuwapatia makazi watu wanaohitaji uangalizi kwa sababu ya umri au ulemavu, na ikaziruhusu kuyanunua makazi hayo kutoka kwa mashirika ya hisani. Kwa hiyo mkazi aliingia Le Court akiwa na ada inayolipwa na halmashauri ya kwao. Fedha hiyo ilitolewa kwa jina lake, lakini ilikwenda moja kwa moja kwa nyumba, yeye asiione. Jambo hilo litarudi.

Shirika lilikua haraka. Nyumba ya pili ilifunguliwa Cornwall mwaka 1951. Cheshire mwenyewe aliugua kifua kikuu na kulazwa tangu 1952 hadi 1954, na kazi haikusimama. Mwaka 1954 Le Court ilihamia katika jengo jipya lililojengwa kwa ajili ya watu wa viti vya magurudumu. Miaka michache baadaye zilifuata nyumba za India, kisha za nchi nyingine, Afrika Mashariki ikiwemo. Wasomaji wa Kenya watakuwa wameliona jina la Cheshire kwenye bango huko Limuru. Alipofariki Julai 1992, nyumba zilikuwa takriban 270 katika nchi karibu 50. Ni kazi kubwa iliyotokana na kitanda kimoja cha mgonjwa mmoja.

Saa ya kulala

Mwanzoni, kwa kuwa fedha hazikuwapo na wahudumu hawakutosha, kila mkazi aliyeweza kufanya kitu alikifanya. Umaskini uliwapa nafasi. Jengo jipya lilipokuja likiwa na wauguzi wenye mafunzo, ratiba na kamati ya usimamizi, usafi na usalama vikaongezeka, na nafasi ile ikaanza kubanwa. Nadhani hapa ndipo mashirika mengi ya namna hii hupotea njia bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Paul Hunt alizaliwa mwaka 1937, akawa na ugonjwa wa kudhoofika misuli tangu utotoni. Alifika Le Court mwaka 1956 akiwa na miaka 19, akitokea katika wodi ambamo wagonjwa wenzake wengi walikuwa watu wazima waliokaribia mwisho wao. Baadaye alieleza kwa maandishi mambo ambayo yeye na wenzake walilazimika kuyapigania ndani ya nyumba hiyo: haki ya kuchagua saa ya kwenda kulala, haki ya kunywa pombe mtu akitaka, uhuru wa wanawake na wanaume kuwa na uhusiano bila kuingiliwa, uhuru wa kutoka nje ya jengo bila kutoa taarifa kwa wakubwa.

Chukua hilo la kulala, maana mtu mwenye viungo vizima anaweza kulidharau. Mkazi asiyeweza kusimama hubebwa kutoka kitini kwenda kitandani, huvuliwa nguo, hupelekwa msalani na kulazwa upande ambao hatapata vidonda. Huenda kazi hiyo ikahitaji wahudumu wawili na nusu saa nzima. Wakazi wakiwa wengi na wahudumu wachache, na zamu ya jioni ikiwa na saa yake ya kwisha, wa kwanza kulazwa atalazwa jua halijazama vizuri. Hawezi kuinuka tena mpaka asubuhi. Rafiki akija kumtembelea, atamkuta yuko kitandani. Redio ikiwa na kipindi anachokipenda sebuleni, kimempita. Ana miaka 25, akili timamu, maoni juu ya kila jambo la nchi yake, na jua la kiangazi linamwangaza usoni amelazwa kama mtoto. Hakuna aliyemtesa. Ratiba tu ilipangwa kwa kufuata zamu za wafanyakazi, na hakuna mkazi aliyekuwa chumbani ilipopangwa.

Wakazi wa Le Court walikuwa na kitu ambacho nyumba nyingi hazikuwa nacho: mazoea ya kujipanga. Walikuwa na kamati yao. Walikuwa na kikundi cha kutengeneza filamu. Kutoka miongoni mwao alipatikana mhariri wa jarida lililozunguka katika nyumba zote za Cheshire, na Hunt akawa mmoja wa waandishi wake. Mtu anayeandika huzoea kuuliza, na wakazi wakaanza kudai wawakilishi wao katika kamati ya usimamizi. Hawakuomba wasikilizwe kwa hisani. Walitaka kupiga kura katika kikao kinachoamua muuguzi gani aajiriwe na sheria gani itungwe.

Kwa msomaji wa leo dai hilo ni dogo mno. Kwa wasimamizi wengi wa wakati ule lilionekana utovu wa shukrani. Kamati zilikuwa na watu wenye heshima katika jamii, waliojitolea bila malipo, waliochangisha fedha kwa minada na maonyesho. Mtu wa namna hiyo akiambiwa na mkazi anayepata msaada wake kwamba hafai kuamua peke yake, huumia kwa dhati. Namwelewa. Lakini maumivu yake hayakupaswa kuwa sababu ya mwingine kulazwa jua likiwa angani.

Watafiti waliokuja kusaidia

Mwaka 1962 wakazi kadhaa wa Le Court, wakiwa katikati ya mvutano na uongozi, walifanya jambo la busara: waliiandikia taasisi ya utafiti ya Tavistock ya London kuomba wataalamu waje kuchunguza maisha ya nyumba za namna hiyo. Walitarajia kwamba mtaalamu asiye na upande ataona wanachokiona. Fedha zilipatikana baadaye kutoka Wizara ya Afya, na utafiti ukafanywa na Eric Miller na Geraldine Gwynne. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1972, miaka kumi tangu wakazi walipoandika barua.

Ripoti ilieleza kwa ukweli mchungu mambo mengi. Ilisema kwamba mtu akiingia katika nyumba hizo jamii huwa tayari imemhesabu kuwa amekufa, ingawa mwili wake una miaka mingi mbele. Ilitofautisha nyumba zinazowahifadhi watu kama mizigo ghalani na zile zinazojitahidi kuwakuza. Kisha ikafikia hitimisho lililowaumiza wakazi kuliko sheria yoyote ya msimamizi: kwamba kazi ya nyumba hizi ni kumsindikiza mtu kutoka kifo hicho cha kijamii hadi kifo cha mwili, na kwamba kinachowezekana ni kuifanya safari hiyo iwe na nafuu.

Hunt aliijibu ripoti hiyo kwa ukali, na jibu lake, lililochapishwa mwaka 1981 baada ya yeye kufariki, bado linasomwa katika vyuo. Kiini chake ni rahisi kukifuata. Watafiti waliona watu wametengwa na jamii, wakauliza namna ya kuuendesha utengano huo vizuri zaidi. Hawakuuliza kwa nini watengwe. Walijiona wako katikati, kumbe kwa kukubali kwamba nyumba hizo hazina budi kuwepo walikuwa wamekwisha kuchagua upande. Mimi nakubaliana na Hunt, japo naona pia kwamba bila utafiti ule huenda hasira yake isingepata umbo. Wakati mwingine mtu huhitaji kusoma hukumu yake imeandikwa kwa lugha ya upole ndipo ajue anachokikataa.

Kwa wanaosomea kazi za jamii, somo la utafiti hapa ni zito: wakazi waliuomba, wizara ikaugharimia, watafiti wakaamua swali. Swali la wakazi lilipotea njiani kabla ya mtu yeyote kuanza kukusanya majibu.

Barua ya Septemba 1972

Hunt alikuwa amehama Le Court mwaka 1970, akaoa, akaishi London na mkewe Judy. Tarehe 20 Septemba 1972 gazeti la The Guardian lilichapisha barua yake fupi. Aliandika kwamba watu wenye ulemavu mkubwa wa viungo wanajikuta katika taasisi ambazo hazisikilizi maoni yao na zinawatawala kwa mkono mgumu, akawaalika wenzake waunde kikundi cha kupeleka sauti yao serikalini na kudai makazi ya aina nyingine.

Kikundi kikaundwa: UPIAS, muungano wa watu wenye ulemavu wa viungo dhidi ya kutengwa. Sehemu kubwa ya kazi yake ya mwanzo ilifanywa kwa waraka uliozungushwa kwa posta kati ya wanachama. Waraka huo ulikuwa wa siri. Mwanachama aliyeishi katika nyumba ya malezi angewezaje kuandika malalamiko juu ya mtu ambaye kesho asubuhi ndiye atakayemwogesha? Hofu hiyo inaeleza hali ya mkazi kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Miongoni mwa waliojiunga alikuwamo Vic Finkelstein, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyetumia kiti cha magurudumu na ambaye aliwahi kufungwa jela kwa kupinga ubaguzi wa rangi kabla ya kufika Uingereza. Alizifahamu sheria za kutenganisha watu kwa kuziishi: milango yao, mabasi yao, vitongoji vyao. Akiwa na Hunt na wenzao, mwaka 1976 UPIAS ilichapisha msimamo ambao umebadilisha fikra za dunia kuhusu ulemavu. Walitenganisha mambo mawili. Kuna hitilafu ya mwili: mguu usiofanya kazi, misuli iliyodhoofika. Na kuna ulemavu, yaani vikwazo ambavyo jamii inavirundika juu ya mtu mwenye hitilafu hiyo, kwa ngazi zake, kazi zake, shule zake na taasisi zake. Mwaka 1983 Mike Oliver, msomi ambaye naye alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, aliupa jina linalotumika hadi leo: mtazamo wa kijamii wa ulemavu. Hunt hakuishi kuona ulivyoenea. Alifariki mwaka 1979 akiwa na miaka 42.

Hoja iliyoshika mizizi hivyo duniani ilianza na mabishano ya saa ya kulala katika nyumba ya hisani. Sidhani ingeweza kuanzia chuo kikuu.

Hesabu ya saa

Mwaka huohuo wa 1979, kizazi kingine cha wakazi wa Le Court, wakiwemo John Evans na Philip Mason, kilijikusanya. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza 1981 kuwa mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu, nao wakauita mpango wao Mradi 81. Hawakutaka Le Court bora zaidi. Walitaka kuondoka.

Namna walivyolishughulikia jambo hilo ndiyo sehemu ninayoiona ya thamani kuliko zote katika kisa hiki, na ningependa kila anayeendesha shirika aisome kwa utulivu. Hawakwenda halmashauri na picha za kusikitisha. Walikwenda na hesabu. Halmashauri tayari ilikuwa ikilipa ada kubwa kila mwaka kwa ajili ya kila mmoja wao pale Le Court. Wakauliza: fedha ileile, au karibu yake, ingenunua nini nje? Kila mmoja alikaa na kuandika siku yake nzima: kuamka, kuoga, kuvaa, kula, msalani, kutoka, kulala, kugeuzwa usiku. Mahitaji yakawa saa za msaidizi, na saa zikawa mshahara. Wakatafuta nyumba zinazoweza kurekebishwa. Walitazama pia mfano wa Marekani, hasa Berkeley, California, ambako tangu 1972 kulikuwa na kituo kilichoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe kwa ajili ya kuishi kwa kujitegemea.

Kikwazo kikubwa kilikuwa sheria. Ile ya 1948 haikuiruhusu halmashauri kumpa mtu mwenye ulemavu fedha mkononi akanunue huduma yake. Iliweza kulipa nyumba, kulipa wakala au kuajiri muuguzi. Kumlipa mhusika, hapana. Njia iliyopatikana ilikuwa ya kuzunguka: fedha ipite kwa mtu wa kati, naye aikabidhi kwa mhusika. Kwa wale wa mwanzo, mtu wa kati huyo alikuwa Le Court yenyewe. Nyumba waliyokuwa wakiihama ndiyo iliyopokea fedha ya halmashauri na kuwapa waajiri wasaidizi wao. Shirika lingeweza kukataa, maana kila aliyeondoka aliondoka na ada yake. Halikukataa, na hilo liandikwe kwa upande wake wa mema.

Majadiliano yalichukua miaka. Evans alihama mwaka 1983. Katikati ya miaka ya 1980 yeye na wenzake walianzisha Hampshire kituo cha kuwasaidia wengine kufanya hivyohivyo: namna ya kumhoji msaidizi, kumlipa, kumwachisha kazi, kupanga siku ya kuugua. Mambo haya si madogo. Mtu aliyeishi miaka kumi akipangiwa kila kitu anahitaji kujifunza kuwa mwajiri, na wa kumfundisha ni aliyepitia njia hiyo.

Sheria ilifuata nyuma kwa mwendo wake. Mwaka 1996 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya malipo ya moja kwa moja, ikaanza kutumika 1997. Halmashauri zikaruhusiwa kumpa fedha mtu mwenyewe. Wazee waliovuka miaka 65 walisubiri hadi 2000. Na mwaka 2006 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, katika ibara ya 19, uliweka haki ya kuchagua mahali pa kuishi na mtu wa kuishi naye, bila kulazimishwa mpangilio fulani wa makazi. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009. Madai yaliyoandikwa mezani Le Court yamo katika ibara hiyo.

Waliotaka kubaki

Kisa kingeishia hapo kingekuwa kitamu, ila kingemsahau mkazi ambaye hakuondoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika liliamua kuibadilisha Le Court: sehemu ibaki kwa wenye mahitaji makubwa sana, na wakazi wengi wahamishiwe makazi madogo ndani ya jamii. Kwa maneno, ni yaleyale ambayo Hunt na Evans waliyapigania. Lakini baadhi ya wakazi walikuwa wameishi hapo zaidi ya miaka 17. Walisema waliahidiwa kwamba hapo ni kwao maisha yao yote. Marafiki zao, bustani yao, wahudumu wanaojua mwili wa kila mmoja unavyopaswa kushikwa, vyote vilikuwa pale. Walikwenda mahakamani wakitegemea Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, iliyoingiza katika sheria za Uingereza haki ya mtu kuheshimiwa maisha yake binafsi na makazi yake.

Mahakama haikufika kwenye swali la makazi. Iliishia mlangoni: sheria hiyo inazibana mamlaka za umma, je, shirika la hisani ni mamlaka ya umma? Wakazi wengi walikuwa wamewekwa Le Court na halmashauri au mamlaka za afya, ambazo ndizo zilizowalipia. Machi 2002 Mahakama ya Rufani ilijibu hapana. Kulipwa kwa fedha za umma hakulifanyi shirika kuwa mkono wa serikali; huduma yake kwa anayelipiwa na halmashauri ni ileile kwa anayejilipia, na halina mamlaka ya kisheria linayoyatumia juu ya mtu. Majaji walisema halmashauri zenyewe zingali na wajibu wao, na kwamba mkazi anaweza kuitaka halmashauri iweke ulinzi wa haki zake ndani ya mkataba na shirika.

Kisheria hoja hiyo inasimama. Kwa mkazi, maana yake ilikuwa nzito: serikali ilipojiondolea jukumu la kumtunza na kulikabidhi kwa watu wema, haki zake hazikuhama naye. Angekuwa katika nyumba ya halmashauri yenyewe angeweza kudai. Kwa kuwekwa kwa wahisani alipoteza dai hilo bila kuulizwa.

Nimesikia watu wakisema kwamba wakazi hao walizoea utumwa, kwamba walipaswa kufurahi kutolewa. Siafiki hata kidogo. Mwaka 1983 mtu aliondoka kwa sababu yeye alikaa akaandika siku yake, akahesabu saa zake, akachagua nyumba yake. Miaka 20 baadaye mtu alihamishwa kwa sababu kikao kilichoketi kwingine kilifikia uamuzi. Makazi madogo yenye vyumba vitano, ambayo hukuyachagua wala wenzako wa kuishi nao hukuwachagua, yanaweza kuwa na saa ya kulala kama ya jumba kubwa.

Le Court ilifungwa mwaka 2007. Juni mwaka huohuo mahakama ya juu kabisa ya nchi, wakati huo Baraza la Malodi, ilikabiliwa na kesi ya bibi mgonjwa aliyewekwa na halmashauri katika nyumba ya kampuni binafsi, na kwa kura 3 dhidi ya 2 ikashikilia msimamo uleule. Kelele zilizofuata ndizo zilizolisukuma Bunge. Sheria ya afya na huduma za jamii ya 2008, kifungu cha 145, ilitamka kwamba anayetoa makazi na uangalizi kwa mtu aliyewekwa na halmashauri kwa mujibu wa sheria ya misaada ya taifa achukuliwe kuwa anatekeleza kazi ya umma, hivyo abanwe na haki za binadamu. Wakazi wa Le Court walikuwa wamekwisha kutawanyika. Na kifungu hicho kilimlinda aliyewekwa na halmashauri tu. Aliyejilipia mwenyewe ada, katika chumba cha jirani na kwa mhudumu yuleyule, alibaki nje yake.